Mji Mkongwe kwa kiti cha magurudumu: Namna ya kupanga safari ya siku moja

MLANGO wa nakshi wa Zanzibar una mabawa mawili, na katikati yake husimama mfaa, ule mti wa wima uliochongwa maua na minyororo, ambao umeshikizwa kwenye bawa mojawapo. Kwa kawaida mwenye nyumba hufungua bawa moja tu. Nafasi hiyo humtosha mtu anayetembea kwa miguu, hata akiwa na kikapu mkononi. Haimtoshi aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu viti vingi vya kusukuma vina upana wa sentimita 60 hadi 70 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Bawa la pili likifunguliwa, mara nyingi kiti hupita. Kinachotokea ni kwamba hakuna aliyeomba lifunguliwe.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, si mkubwa. Eneo lililosajiliwa ni hekta 96, na kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa takriban saa mbili kwa boti ya kasi. Kila mwisho wa juma familia huvuka asubuhi kwenda kutembea na kurejea jioni. Katika familia hizo wamo wazee waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi, vijana walioumia uti wa mgongo katika ajali za barabarani, na watoto ambao hawajapata kutembea. Mara nyingi hao ndio wanaobaki nyumbani. Nauli si tatizo, ila kila mtu amekwisha kuamua kwa niaba yao kuwa kule kuna ngazi.

Ngazi zipo, tena nyingi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mambo yanayoufanya mji ule uwe maarufu ipo katika usawa wa ardhi, kwenye ukanda ambao ni tambarare kuanzia bandarini Malindi hadi Shangani. Safari hii inawezekana, ila inahitaji kupangwa kwa vipimo. Nia njema peke yake haifikishi mbali.

Swali lisilo na jibu

Mwenyeji wa pwani akiulizwa kwa simu kama mgeni mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia katika nyumba yake ya wageni, mkahawa au makumbusho, jibu lake ni moja: “Karibuni sana, hakuna tabu, tutambeba.” Anasema kweli, na watu watatu watajitokeza mara moja. Lakini jibu hilo halimwambii msafiri chochote kuhusu mahali penyewe. Linamwambia tu kuwa pana ngazi na kwamba wenyeji ni wakarimu, mambo mawili ambayo aliyajua tangu mwanzo.

Swali lenye manufaa ni lile linalojibiwa kwa namba. Kutoka barabarani hadi ndani kuna ngazi ngapi? Kila moja ina kimo gani? Mlango ukifunguliwa wote una upana wa sentimita ngapi? Choo kiko chini au ghorofani, ni cha kukaa au cha kuchutama, na mlango wake una upana gani? Aliye upande wa pili wa simu akiombwa achukue futi ya fundi na kupima, au apige picha ya mlango na kuituma, kwa kawaida hufanya hivyo bila kinyongo. Asiyetaka kupima naye amekwisha kujibu.

Kabla ya kuwauliza wengine, msafiri apime kiti chake mwenyewe: upana wa nje wa magurudumu, urefu kutoka vikanyagio hadi nyuma, na uzito. Kiti kinahitaji nafasi ya karibu sentimita 150 ili kigeuke mzunguko kamili. Vipo vichochoro vya Mji Mkongwe visivyo na nafasi hiyo, na aliyeingia humo akakuta ngazi mbele atalazimika kuvutwa kinyumenyume hadi alikotokea.

Hesabu nyingine ni ya ubao wa mteremko. Kipimo kinachotumika na wajenzi sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji ubao wa mita 1.8. Ngazi tatu za namna hiyo zinahitaji mita 5.4, na hakuna anayevuka bahari na ubao wa mita 5. Kukiwa na msukumaji mwenye nguvu mwinamo unaweza kuwa mkali kidogo kuliko huo kwa ngazi moja, lakini kuanzia ngazi tatu ubao si jibu tena.

Kubaki basi ni kubebwa. Jambo hili lizungumzwe nyumbani, kabla ya tiketi kukatwa, na mwenye uamuzi ni yule atakayebebwa. Wapo wasioona taabu kuinuliwa ngazi mbili na ndugu zao lakini hawataki kuguswa na watu baki. Wapo wazee wanaoona kubebwa mbele ya wajukuu ni fedheha, na wangependelea kungoja nje chini ya mti. Mtu akisema hataki, mahali hapo paondolewe kwenye ratiba au apewe mwenzi wa kubaki naye. Si vema kumbembeleza mlangoni huku hamali wamekwisha kushika kiti.

Anayekubali kubebwa ana haki ya kubebwa kwa usalama. Wakati wa kupanda ngazi, kiti hutangulizwa mgongo, aliye nyuma hushika vishikio na kukilaza juu ya magurudumu makubwa, naye wa mbele hushika fremu. Kiti hupandishwa ngazi moja moja huku magurudumu yakibiringika. Wakati wa kushuka aliyeketi hutazama mbele, kiti kikiwa kimelazwa vilevile. Mikono ya kiti na vikanyagio visishikwe kamwe, kwa kuwa katika viti vingi huchomoka. Kwenye mteremko mkali usio na ngazi, kiti hushushwa kinyumenyume. Wabebaji wa bandarini wanajua kubeba magunia. Haya waelezwe kwanza, tena aeleze mwenye kiti.

Bahari ina saa zake

Sehemu ngumu zaidi ya safari nzima yaweza kuwa zile mita chache kati ya gati na sitaha. Iwe daraja la boti limelazwa moja kwa moja juu ya gati, iwe limefungwa kwenye jukwaa linaloelea, mwinamo wake hubadilika kwa mujibu wa maji. Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika mkondo wa Zanzibar hukaribia mita 4. Daraja lililokuwa karibu tambarare asubuhi laweza kuwa kama paa la nyumba baada ya saa sita.

Wavuvi wanalijua hili kwa moyo. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri na hupwa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Hivyo basi, anayevuka kwa boti ya kwanza ya asubuhi hufika Unguja wakati maji yanaelekea kupwa, na huondoka alasiri yakiwa yamejaa. Katika siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, na daraja halibadiliki mno kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku hizo huangukia takriban tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo kalenda ya ukutani inatosha kuchagua siku.

Upepo nao uangaliwe. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti, na boti hurushwa. Mtu asiye na nguvu za kiwiliwili hawezi kujizuia kitini kama wengine, na kichefuchefu humchosha maradufu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ina shida yake nchi kavu: vichochoro hujaa maji. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, bahari huwa ya wastani ila jua ni kali. Anayeweza kuchagua achague Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli.

Wakati wa kukata tiketi, kampuni ya boti iambiwe wazi kuwa yumo abiria wa kiti cha magurudumu, na iulizwe mambo mawili: mlango wa abiria uko sitaha ipi, na je, kuna viti vya kukalia sitaha hiyo hiyo bila kupanda ngazi za ndani. Daraja la gharama kubwa mara nyingi huwa juu, hivyo tiketi ya bei ya chini yaweza kuwa ndiyo bora. Kufika saa moja na nusu kabla ya safari kunasaidia kupandishwa kabla ya msongamano. Kila msafiri awe na kitambulisho chake.

Kiti cha magurudumu si mzigo. Kisipelekwe kwenye kontena la mabegi. Kikiwekwa chini ya masanduku kitarudi na gurudumu lililopinda, na safari itakuwa imekwisha kabla ya kuanza. Kikunjwe na kuwekwa karibu na mwenyewe, vikanyagio na mto vikiwa mkononi mwa mwenzi wake. Anayebaki kitini mwake afunge breki na kukaa ubavu wake ukiwa ukutani, mbali na mlango.

Kuhusu aina ya kiti, cha kusukuma kinachokunjwa, chenye matairi ya upepo nyuma, ndicho kinachofaa. Kiti cha umeme ni kizito mno kuinuliwa hata kwa ngazi moja. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, inayotumiwa na wengi mijini, itaweza barabara ya pwani lakini ni ndefu kwa vichochoro. Pampu ndogo, spana mbili na kiraka cha pancha visisahaulike.

Saa tano za nchi kavu

Anayekwenda kwa boti ya asubuhi na kurudi kwa ya alasiri, akitoa muda wa kushuka na wa kuwahi kupanda, hubakiwa na takriban saa 5 mjini. Ratiba za boti hubadilika na zinapaswa kuthibitishwa siku moja kabla. Saa 5 si nyingi kwa mtu anayehitaji muda wa kuingia na kutoka garini, kwa hiyo sehemu tatu zilizochaguliwa vizuri ni bora kuliko saba.

Njia iliyo rahisi ni Barabara ya Mizingani, inayofuata bahari kutoka bandarini hadi Forodhani, umbali usiofika kilomita 1. Upande wa kushoto lipo jengo lililokuwa zahanati, lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan. Uzuri wake mkubwa uko nje, na aliyeketi barabarani anauona sawa na aliyesimama. Mbele kidogo ni Mti Mkubwa, uliopandwa mwaka 1911, ambao kivuli chake ni kituo kizuri cha kwanza. Kisha Kasri la Masultani, jengo la ghorofa lenye ngazi.

Beit el-Ajaib, Jengo la Maajabu lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, linahitaji maelezo. Jengo hilo linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Yaani miaka zaidi ya mia moja iliyopita lilikuwa na kitu ambacho majengo mengi ya mji ule hayana hata leo. Desemba 25, 2020, wakati wa ukarabati, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki dunia. Asipange mtu kuliingia. Litazamwe kutoka bustanini.

Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Njia zake ni pana na tambarare, kuna madawati na bahari iko mbele. Soko lake maarufu la vyakula huanza jua linapozama, kwa hiyo msafiri wa siku moja hulikosa. Mishikaki atalazimika kuitafuta kwingine, na urojo hupatikana mchana pia. Wakati wa Ramadhani, hata hivyo, migahawa mingi hufungwa mchana, na chakula chapaswa kupangwa mapema.

Ng'ambo ya barabara ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Minara yake ni ya ngazi, lakini ua wake wa ndani ni mpana, una nyasi, maduka ya kazi za mikono na ukumbi wa wazi ambako hufanyika maonyesho, likiwamo tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari. Ni mahali pa kuzunguka taratibu. Magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye nyasi. Msukumaji akikilaza kiti nyuma kidogo, yakaning'inia, kiti huenda.

Nyuma ya ngome ndipo vichochoro vinapoanza, kwa upande wa mtaa wa Gizenga na maduka yake. Hapa ipo kanuni moja inayozidi ramani yoyote: fuata mkokoteni. Maduka ya Mji Mkongwe hupelekewa bidhaa kwa mikokoteni ya kusukumwa, na hamali hawachagui njia yenye ngazi. Panapopita mkokoteni uliosheheni, kiti hupita. Akiulizwa hamali njia ya kwenda mahali fulani bila kidato wala mtaro, ataieleza vizuri kuliko mwongoza watalii, ambaye amezoea kuongoza miguu.

Baraza, yale madawati ya mawe yaliyoungana na kuta, yana manufaa yasiyofikiriwa. Ni mahali pa mwenzi kupumzika, na kimo cha mengi kinakaribia kimo cha kiti, hivyo anayeweza kujihamisha anaweza kubadilisha makao kwa muda. Ni adabu kumsalimu mwenye nyumba kwanza. Zamani mvua zilipojaza njia, watu walipita juu ya baraza hizo kwa miguu mikavu. Aliye kitini hana njia hiyo, na mvua ikinyesha ni heri atoke vichochoroni hadi barabara ya magari.

Mkunazini, juu na chini

Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, lastahili kupewa muda mrefu kuliko mahali pengine. Limejengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliulazimika na Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, ambaye pia anakumbukwa kwa kazi zake katika lugha ya Kiswahili, alisimamia ujenzi na amezikwa humo nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu sakafuni kuna duara la marumaru linaloonyesha, kwa mapokeo, mahali palipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Upo pia msalaba unaoelezwa kuwa ulichongwa kwa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Kufika hapo ni rahisi zaidi kwa gari, kupitia Barabara ya Benjamin Mkapa, ile iliyokuwa ikiitwa Creek Road, kuliko kukata katikati ya mji. Dereva wa teksi aambiwe aingie hadi karibu na lango. Gari dogo la kawaida ndilo linalofaa: kiti hukunjwa na kuingia nyuma, na kujihamisha si kazi kubwa. Magari ya juu yenye viti saba yana nafasi, lakini sakafu yake humlazimu mtu kuinuliwa.

Vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa, haviingiliki kwa kiti. Ngazi zake ni za kushuka, nyembamba, na dari ni ya chini kiasi cha mtu mzima kuinama. Msafiri ajue hili kabla, asije akalijua akiwa mlangoni wakati ndugu zake wameshaanza kushuka. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama vyumba hivyo vilitumika wakati wa soko, kwa kuwa majengo yaliyo juu yake ni ya wamisionari waliofika baadaye. Hoja hiyo haimpunguzii mtu uchungu wa kuachwa juu, lakini inasaidia kupanga: kiini cha mahali hapo hakiko chini peke yake.

Uani ipo sanamu ya kumbukumbu iliyochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Ni watu watano wa saruji waliosimama ndani ya shimo, shingoni wakiwa na mnyororo. Kwa kuwa shimo liko chini ya usawa wa ardhi, mtu aliyeketi ukingoni huziona nyuso zao kwa karibu pengine kuliko aliyesimama. Kundi zima likikutana hapo baada ya wengine kutoka vyumbani, na likabaki dakika ishirini badala ya mbili, aliyebaki juu atakuwa ameshiriki ziara yenyewe. Kwa ndani ya kanisa na maonyesho ya historia ya utumwa yaliyomo eneo hilo, idadi ya ngazi iulizwe kwa simu kama ilivyoelezwa.

Soko la Darajani, la mwaka 1904, liko karibu, lakini sakafu ya upande wa samaki huwa na maji na watu ni wengi. Kulitazama kutoka mbele kunatosha.

Choo na maji

Wanaotumia viti vya magurudumu wanajua jambo ambalo wapangaji wa safari hulisahau: choo ndicho kinachoamua safari. Wengi, wakihofia kukosa choo, huacha kunywa maji tangu jana yake. Katika joto la Unguja uamuzi huo ni wa hatari. Mkojo mzito huleta maambukizi, na mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoki jasho ipasavyo chini ya jeraha, hivyo mwili wake hupata joto haraka bila yeye kuhisi.

Choo kitafutwe kwanza, kabla ya mkahawa. Hoteli kubwa zilizo kandokando ya pwani ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na choo cha kukaa katika sakafu ya chini. Moja ichaguliwe kwa simu baada ya kupimiwa mlango, chakula cha mchana kiagizwe hapo hapo, na ratiba nzima izungushwe kulizingatia jengo hilo. Soda mbili na wali ni bei ndogo kwa mlango wa sentimita 80. Anayetumia mpira wa mkojo achukue vifaa vya ziada na maji safi ya kunawia. Boti yenyewe ina choo, lakini ni kidogo na kina kizingiti. Yafaa kujiandaa kabla ya kupanda.

Aliyekaa muda mrefu bila hisia za makalio ahamishe uzito wake kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa kujiinua au kuinamishwa mbele. Mto wa kiti usiachwe garini. Vyuma vya kusukumia huchoma mikono juani, hivyo glavu nyepesi zinafaa.

Sheria inasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inahusu kufikika kwa majengo na usafiri, na ya 30 inataja wazi haki ya kushiriki maisha ya utamaduni, yakiwamo makumbusho na, kwa kadiri inavyowezekana, maeneo ya kumbukumbu ya taifa. Tanzania Bara ilitunga sheria yake mwaka 2010. Zanzibar ilikuwa na ya mwaka 2006, kisha ikatunga nyingine mwaka 2022.

Wahifadhi nao wana hoja. Mji Mkongwe unalindwa na mamlaka yake maalumu, na kumwaga zege mbele ya mlango wa karne ya 19 si jambo la kuruhusiwa ovyo. Lakini ubao wa mteremko unaowekwa asubuhi na kuondolewa jioni hauachi alama yoyote juu ya jiwe, na gharama yake ni ya seremala wa siku moja. Huko Athens, mwishoni mwa mwaka 2020, lifti mpya ilifunguliwa ubavuni mwa mlima wa Akropoli, urithi wenye umri wa karibu miaka 2,500. Kizingiti cha duka la Gizenga hakiwezi kuwa kigumu kuliko hapo.

Kwa taarifa za sasa kuhusu njia na majengo, Shirikisho la Jumuiya za Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, SHIJUWAZA, ni mahali pa kuulizia. Wanachama wake hupita mitaa hiyo kila siku kwa viti vyao wenyewe.

Kurudi

Msafiri awe bandarini Malindi saa moja na nusu kabla ya boti. Daraja likaguliwe kwa macho kabla ya kulipanda, kwani halitakuwa kama lilivyokuwa asubuhi.

Boti ya alasiri hufika Dar es Salaam jioni, ofisi zinapofungwa. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, yana vituo vyenye njia ya mteremko na jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, jambo ambalo daladala haliwezi. Kituo cha Posta ya Zamani kiko karibu na bandari, lakini saa hiyo basi hufika hapo likiwa limejaa. Ni afadhali kurudi nyuma kidogo hadi Kivukoni, mwanzo wa njia, na kungoja basi tupu.